Jinsi ya Kuzipima Ngumi za Kikorea

Ukonga, kuanzia Banana hadi Gongo la Mboto, series za Kikorea hutazamwa kwenye vibanda umiza na sebuleni, nyingi zikiwa na sauti ya DJ anayetafsiri. Kazi hiyo ina heshima yake. Lufufu alijijengea jina kubwa kwayo Dar es Salaam. Lakini DJ hodari huweza kulibeba hata pambano bovu. Anayetaka kuujua ubora wa ngumi azingatie haya.

Zima sauti. Pambano zuri hueleweka bila neno: nani anamzidi mwenzake, nani ameumia, njia ya kutokea iko wapi.

Tazama miguu. Katika Bloodhounds (2023), Woo Do-hwan na Lee Sang-yi ni mabondia wanaomkabili mkopeshaji katili, kisa ambacho mtaa uliokwishaonja mikopo ya kausha damu hauhitaji kuelezwa. Ngumi zao huanzia mguuni. Nyonga inageuka, bega linafuata, mkono wa pili unalinda kidevu. Aliyemwona bondia Hassan Mwakinyo akimmaliza Sam Eggington raundi ya 2 mjini Birmingham, Septemba 2018, anaijua ngumi ya namna hiyo. Mwigizaji anayerusha mkono huku miguu imelala hajaiva.

Mtazame anayepigwa. Sifa huenda kwa stelingi, ila uzito wa pigo huonyeshwa na anayelipokea. Akianza kuanguka kabla ngumi haijafika, kazi yote imeharibika. Watazame pia maadui walio nyuma: wakirukaruka tu kusubiri zamu, mpangaji wa mapigano amezembea. Filamu ya Oldboy (2003) ilipata jibu la tatizo hilo. Choi Min-sik, nyundo mkononi, anapambana na kundi zima ndani ya ujia mwembamba, na wembamba huo ndio unaowazuia kumvamia wote kwa pamoja. Kamera inasogea pembeni bila kukatwa. Kipande hicho kilirudiwa mara 17 kwa siku 3, na uchovu unaouona pale ni wa kweli.

Hesabu mikato. Picha ikikatwa kila pigo, kuna kinachofichwa. Ngumi na uso unaopigwa vionekane katika picha moja.

Linganisha mtindo na mwili. Han So-hee, aliyeongeza takriban kilo 10 akijiandaa kwa My Name (2021), hapigani kama pande la mtu. Anategemea kasi na kisu, anawasogelea maadui karibu, naye anapigwa kweli kweli. Ukimtazama unajua ni mtu wa namna gani kabla hajasema lolote.

Mwisho, fuatilia jeraha. Series dhaifu humponya stelingi usiku mmoja. Katika Bloodhounds, uso wa Gun-woo, bondia anayeigizwa na Woo Do-hwan, unachanwa kwa kisu mapema, na kovu hilo anaendelea kutembea nalo.

Kwa vipimo hivi, Bloodhounds ndiyo ya kuanza nayo: msimu wake wa kwanza una vipindi 8 tu, na msingi wake ni ndondi, mchezo ambao Dar es Salaam inaujua vizuri. Na ninyi mnaotengeneza filamu za mapigano hapa nyumbani, msiishie kumfundisha stelingi peke yake. Wafundisheni wanaoanguka, walindeni wasiumie, na muwalipe vizuri, kwa sababu wao ndio wanaotufanya tuiamini ngumi.