Farasi wa Ziada

Siku za Pasaka mwaka 1973, mimi na wanafunzi wenzangu wa chuo cha walimu tuliizingira redio moja kusikiliza habari za mbio za Safari. Shekhar Mehta alishinda kwa Datsun 240Z. Tangu hapo gari hilo lenye pua ndefu limekaa moyoni mwangu pamoja na ujana wangu. Msomaji na afikirie furaha yangu mpwa wangu aliponunua moja lililochakaa, akalifufua kwa miaka mitatu. Na afikirie wasiwasi wangu aliponiambia, “Mjomba, sasa nataka kuliongezea farasi.”

Sikuilaumu tamaa hiyo kabla ya kuielewa. Gari hilo, lililotoka mwaka 1969, lina injini ya silinda sita, ukubwa wa sentimita za ujazo 2,393, na kwa soko la Marekani kiwanda kilitangaza nguvu za farasi 151. Kuzidisha nguvu ni kuifanya injini imeze hewa na petroli zaidi kila dakika. Fundi hupanua matundu ya silinda, huondoa kabureta mbili za asili na kufunga tatu pana, hubadilisha kamshafti ili vali zikae wazi kwa muda mrefu zaidi, kisha huifungua njia ya moshi. Hiyo ni kazi ya akili, nami naiheshimu. Injini ilipowashwa, mlio wake ulinisisimua hata mimi mzee.

Kosa ninaloliona ni la hesabu. Upinzani wa hewa hudai nguvu kwa kipeo cha tatu: atakaye kuongeza kasi ya mwisho kwa asilimia 10 hana budi kuongeza nguvu kwa takriban asilimia 33. Breki nazo zina hesabu yao: kasi ikizidi mara mbili, joto ambalo breki zapaswa kulimeza huzidi mara nne. Gari hili lina breki za diski mbele na za ngoma nyuma, zilizopimwa kwa injini ya asili. Rejeta, klachi, giaboksi na difu vilipimwa vivyo hivyo. Ukiiongeza injini peke yake, umevitwika vingine deni ambalo haviwezi kulilipa.

Deni hilo tulidaiwa kwenye mteremko wa kwenda Mai Mahiu. Kwanza nilisikia harufu ya breki zinazoungua. Katika kona iliyofuata kanyagio lilizama hadi sakafuni. Mpwa wangu aliingiza gia ndogo, akavuta breki ya mkono, na gari likasimama hatua chache tu kutoka ukingoni. Hatukusema neno kwa muda mrefu. Ana watoto wawili.

Wapenzi wa nguvu hunijibu kwamba hata gari la Mehta liliongezwa nguvu. Ni kweli, lakini waliolitayarisha waliliimarisha kila mahali kabla ya kulipeleka kwenye matope. Tena husahau kwamba katika mbio zizo hizo, Harry Källström wa Sweden alimaliza akiwa na alama za adhabu sawasawa na Mehta, hata mshindi akaamuliwa kwa kanuni ya sare. Källström hakuendesha 240Z. Aliendesha Datsun ya silinda nne, injini isiyofika lita 2.

Hata hivyo, sina haki ya kumcheka mpwa wangu. Nilipokuwa mwalimu mkuu nilitaka shule ipande katika orodha ya matokeo, nikaamuru masomo ya alfajiri na ya usiku, bila kuongeza chakula wala usingizi. Mwaka wa kwanza tulipanda. Mwaka wa pili watoto walisinzia madarasani, na mwalimu wangu bora wa hisabati akaomba uhamisho. Nilihesabu farasi, nikasahau breki.

Sasa mpwa wangu ameanza upya, kwa breki kubwa zaidi, mipira mipya na rejeta pana. Zile kabureta tatu zimo sandukuni, zikingoja zamu yao. Sikumkataza. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Siku ile tuliuona ukingo wenyewe, na chini yake bonde.