"Jina la Ukoo": Tafsiri Isiyotosha

Katika vitabu vyetu vya kufundishia, na katika vinywa vya wakalimani wengi, jina la mwisho la Mwingereza hufasiriwa "jina la ukoo". Twaona tafsiri hiyo yampotosha mwanafunzi mara mbili: haisemi kweli juu ya Waingereza, wala haisemi kweli juu ya watu wa huku kwetu Endiinzi.

Tuanze na Waingereza. Wanormani walipoiteka nchi yao mwaka 1066, raia wa kawaida alikuwa na jina moja tu. Desturi ya kurithisha jina la pili ilienea polepole, ikisaidiwa na daftari za ardhi na za kodi, hata kufikia takriban mwaka 1400 jamaa nyingi za Kiingereza zikawa nalo. Karani alimwandika mtu kwa kazi yake, kwa makazi yake, kwa babaye, au kwa umbo lake. Smith ni mhunzi. Fletcher ni fundi wa mishale. Atwood ni akaaye kando ya msitu. Armstrong ni mwenye mkono wa nguvu. Webster hapo kale alikuwa mfumaji wa kike, na leo wanaume hulibeba jina hilo bila kujua. Wahunzi walikuwako katika kila pembe ya nchi, kwa hiyo akina Smith hawana babu mmoja. Ukoo gani huo? Na Frederick Johnson, ambaye kamusi yake ya mwaka 1939 walimu wengi wanaijua, hakuitwa Johnson kwa kuwa babaye ni John. John huyo alizikwa karne nyingi kabla yake.

Huku Ankole mambo ni kinyume kabisa. Koo zipo, tena zenye nguvu: Wahinda, Washambo, Wagahe na nyinginezo, kila mmoja na *omuziro* wake, neno lililo ndugu wa "mzio" wetu. Walakini ukoo haubebwi katika jina. Ndugu wawili wa tumbo moja wataitwa Mugisha, yaani baraka, na Tumwesigye, yaani tumtumainie. Ukimwuliza Mnyankole "jina la ukoo" naye akajibu "Mushambo", amejibu sawasawa. Aliyekosa ni muulizaji.

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyotambuliwa rasmi mwaka 1960, tofauti hizi hazibaki darasani. Mnyarwanda aitwaye Hakizimana (Mungu ndiye aponyaye) aweza kuwa na baba aitwaye Habyarimana. Mkongo ana jina, jina la nyongeza, na pengine la ubatizo, lile lililopigwa marufuku na Mobutu mwaka 1972. Msomali hufuatisha jina lake na la babaye na la babu yake, wala mwanamke habadili majina akiolewa. Basi mama na mwanawe wa kumzaa wanasimama mbele ya meza, na karatasi zao hazilingani hata neno moja la mwisho. Mwenye kuamini kwamba kila mtu ana "jina la ukoo" atawadhania si jamaa, na kosa la namna hiyo laweza kuwatenga watu.

Wako wanaopendelea "ubini". Neno hilo ni zuri, limezaliwa na "bin" yetu ya pwani, na lamfaa Msomali barabara. Lakini Tumwesigye halimfai. "Jina la mwisho" nalo lataja mahali tu, wala halisemi limetoka wapi. Sisi twapendelea kuliita jina la Mwingereza "jina la kurithi", na kwa wengine kuuliza wazi: jina lako, jina la baba, jina la mama. "Ukoo" tuuachie kazi yake.

Mwalimu akitaka zoezi, na awaambie wanafunzi waandike majina ya jamaa zao wa vizazi vitatu, kisha waonyeshe ni lipi lililorithiwa. Darasani Endiinzi, wengi wataacha nafasi hiyo tupu.