373, 96, na Mdogo Wake Bibi

Desemba iliyopita nilipanda Bombo kumsalimia bibi, na kwenye begi nilibeba kitabu nilichokuwa nakiahirisha kwa miaka: War in Uganda: The Legacy of Idi Amin, cha Tony Avirgan na Martha Honey, kilichotoka 1982. Hawa ni waandishi wa habari Wamarekani walioishi Dar es Salaam, wakaingia Uganda pamoja na jeshi letu. Wanajua kusimulia. Unaiona mvua, matope, magari yaliyokwama, na askari wanaotembea kwa miguu kutoka Kagera kwenda Kampala. Nilikuwa nakisoma kwa raha, nisiwadanganye, mpaka nilipofika kwenye hesabu ya waliokufa.

Askari wa Tanzania 373. Kati yao, waliouawa kwenye mapigano ni 96.

Hapo nikakwama. Sebuleni kwa bibi kuna picha ya mdogo wake, kijana wa mgambo aliyeondoka kijijini mwishoni mwa 1978 na hakurudi. Hakupigwa risasi. Lori lao lilipinduka huko huko Uganda. Nimekua nikisikia kwamba babu huyu alikufa vitani, na hakuna mtu pale nyumbani aliyewahi kulihoji neno hilo. Sasa kitabu kinaniambia kuna kufa vitani na kuna kufa wakati wa vita, na kwamba babu yumo kwenye kundi la pili, lile la watu 277.

Bibi alikuwa anachambua maharage ya makande. Nikamtafsiria ile sentensi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kwa hiyo hao wengine walikwenda kutembea?"

Nimesoma tahakiki nyingi za vitabu vya vita, lakini sijakutana na swali zuri kuliko hilo. Tukiuliza kama serikali husema kweli kuhusu askari wake waliokufa, huwa tunafikiria uongo wa moja kwa moja: wamekufa mia, wanatangaza kumi. Ule upo. Gaddafi alipeleka askari kumwokoa Amin, na Walibya waliokufa wanakadiriwa kuwa mamia, lakini hesabu yao imetoka kwa watu wa nje. Majirani zetu Wakenya bado wanaumia na El Adde, kambi yao ya Somalia iliyovamiwa na Al-Shabaab tarehe 15 Januari 2016. Serikali yao haikutoa idadi kamili. Mwezi uliofuata, aliyetaja idadi hadharani alikuwa Rais wa Somalia, Hassan Sheikh Mohamud, aliyesema ni karibu mia mbili. Fikiria wewe ni mama wa askari, halafu habari ya mwanao unaisikia kutoka kwa rais wa nchi nyingine.

Ila kuna njia nyingine, ya kistaarabu zaidi, na haihitaji uongo hata kidogo. Namba inakuwa sahihi kabisa, lakini inajibu swali dogo. "Wangapi waliuawa kwenye mapigano?" Tisini na sita. Mwenye lori lililopinduka, aliyekufa kwa ugonjwa, aliyerudi na jeraha likammaliza nyumbani baada ya miaka, hao wanabaki nje ya mlango. Na raia je? Avirgan na Honey wanakadiria kuwa watu wapatao 1,500 waliuawa Kagera wakati majeshi ya Amin yalipoikalia. Hiyo ni mara nne ya askari wetu wote waliokufa. Vita ileile ni ndogo au kubwa kutegemea umeuliza nini.

Kwa haki, kitabu hiki kinastahili sifa kwa kuziweka namba zote mbili. Wangeweza kuandika 96 peke yake, na ushindi ungependeza zaidi. Lawama yangu ni kwamba baada ya kuziweka wanapita haraka. Kurasa na kurasa za mizinga na majenerali, halafu wale 277 wanapewa pumzi moja. Anayekufa barabarani hana sura yake.

Sura hiyo nimeikuta kwenye riwaya. Katika Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, ya 2020, Ilyas anajiunga na jeshi la Wajerumani, anamwacha dada yake Afiya, na harudi. Hakuna barua, hakuna orodha. Atakayekuja kujua mwisho wake ni mtoto wa Afiya, miaka mingi baadaye, kwa kupekua nyaraka Ujerumani. Vita hiyo ya Gurnah si ya mbali na kwetu: mwaka 1916 Waingereza waliteremka na reli chini ya milima hii hii ya Upare, na nyuma yao wapagazi waliobeba mizigo. Wapagazi waliokufa ni makumi ya maelfu, wengi bila jina kuandikwa popote. Mji mkubwa umebaki na neno Kariakoo, kutoka Carrier Corps, na siku hizi tunakwenda hapo kununua viatu.

Ninachojifunza kwa kuviweka vitabu hivi viwili pamoja ni kwamba serikali husema kweli zaidi pale inapojua kuna mwingine anayehesabu. Askari wetu 14 walipouawa Kivu Kaskazini tarehe 7 Desemba 2017, walikuwa chini ya Umoja wa Mataifa, na idadi ilitangazwa New York mara moja. Mhesabuji wa pili anaweza kuwa shirika, mwandishi wa habari, mtunzi wa riwaya, au bibi mwenye picha ukutani.

Sisi Wapare tunataniwa kwamba tuko tayari kuuza ng'ombe kwa kesi ya mbuzi. Sawa. Bibi aliuliza kama jina la mdogo wake limo kitabuni. Nikamwambia hapana, ni namba tu. Akafuta mikono, akasema, "Liandike basi, kalamu si unayo?"

Nimeliandika pembeni ya ukurasa, kwa kalamu ya wino. Kitabu kisomeni, hata cha kuazima. Mkifika kwenye ile sentensi, msipite haraka kama waandishi wake.