Milimita Nne
Mwanamke aliyekwisha koma hedhi akiona damu tena, hata tone moja, aende hospitali. Mara nyingi chanzo ni utando wa ndani wa kizazi kunyauka kwa kukosa homoni. Kwa takriban mmoja kati ya kumi, ni saratani. Anayeanza kuzitenga hali hizi mbili ni mpimaji wa utrasaundi.

Tazama mkono wake. Kwanza mama huombwa akakojoe, maana kibofu kilichojaa hukisukuma kizazi mbali. Kifaa chembamba cha kupitia ukeni huvishwa kondomu, hupakwa jeli, kisha huingizwa polepole. "Mama, ukisikia maumivu niambie, nitaacha." Umri huu uke huwa mkavu, pupa huumiza.

Kwenye skrini, utando ni mstari mweupe katikati ya misuli ya kijivu. Mwanagenzi huukimbilia kuupima. Fundi hugeuza kiganja kidogo, hupekua upande hadi upande, mpaka kizazi kilale kwa urefu wake na mstari uonekane mzima, kutoka kwenye shingo hadi juu kabisa. Utando ukikatwa mshazari, kama ndizi, huonekana mnene kuliko ulivyo. Hapo ndipo hutafuta penye unene zaidi, akaweka alama mbili, ukingo hadi ukingo. Ukanda mweusi wa misuli huuacha nje. Pakiwa na majimaji katikati, hupima kila tabaka peke yake, kisha hujumlisha.

Zikipatikana milimita 4 au pungufu, uwezekano wa saratani hushuka chini ya 1 kwa 100, na wengi hawahitaji kukatwa kinyama cha kupimwa. Zikizidi, huenda ni polipu tu, kijiuvimbe cha utando. Mpimaji huwasha Dopla, inayoonyesha damu inavyopita: mshipa mmoja unaoingia kwenye uvimbe huashiria hivyo. Shaka ikibaki, maji ya chumvi huingizwa kizazini, na polipu huonekana ikielea.

Ninachomheshimia zaidi ni sentensi moja ya ripoti yake: "Utando haukuonekana wote." Mayoma, uvimbe wa misuli ya kizazi, huweza kuuficha, na kubahatisha namba ni rahisi. Yeye huacha nafasi ya namba wazi, na daktari huchukua kinyama. Hata namba nzuri ina mpaka: baadhi ya saratani huota kwenye utando mwembamba. Damu ikirudi, mama naye arudi. Milimita za juzi hazimtoshi tena.