Kuitambua Ramani Njema ya Mikoko

Ramani ya mikoko iliyochorwa kwa picha za setilaiti humfikia msomaji ikiwa imepambwa kwa rangi, na kwa kuwa jicho la mwanadamu ni jepesi la kuvutwa na pambo, wengi huisifu au huikataa kabla hawajaiuliza swali hata moja. Mimi, niipendaye kazi hii na kuiona kuwa ni miongoni mwa fani tukufu za zama zetu, naona ni haki yake ipimwe kwa mizani inayoistahili, maana juu ya ramani hizi leo husimama amri za kufunga misitu na kuifungua, na riziki za watu wanaoishi ndani yake.

Asili ya fani hii ni tabia ya jani. Jani lenye afya huimeza nuru nyekundu ili lijitengenezee chakula, lakini nuru iliyo jirani na nyekundu, ambayo macho yetu hayaioni, huirudisha angani kwa wingi. Na nuru ya mawimbi marefu zaidi ya hiyo humezwa na maji, hata mikoko, kwa kuwa imesimama katika tope lililoloa, huonekana yenye kiza kuliko msitu wa bara uliositawi kama hiyo. Setilaiti ya kwanza ya Landsat, iliyorushwa Julai 1972, iliigawa dunia katika vipande vya mita 80 hivi kila upande. Tangu 1982 vikawa vya mita 30. Na Sentinel-2, tangu 2015, imevifikisha mita 10. Basi uliza kwanza ukubwa wa kipande, kwa sababu kipande cha mita 30 ni mita za mraba 900, na ukanda mwembamba wa mikoko kando ya mkondo huchanganyika humo na maji hata ukapotea. Mtu akikuonyesha kwamba kanda kama hizo zimeongezeka tangu 1972, huenda kilichoongezeka ni ukali wa jicho, wala si miti.

Swali la pili wachoraji wengi hulipita, nami nalihesabu kuwa kubwa kuliko yote: picha ilipigwa maji yakiwa wapi? Landsat na Sentinel-2 zimewekwa katika njia ambazo, kila zipitapo juu ya pwani yetu, huwa ni saa nne na dakika kadhaa asubuhi. Na pwani hii, kama ajuavyo kila mvuvi wa Mafia na Lamu, ina kawaida yake: siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, kwa hiyo saa nne asubuhi huwa yamekupwa kupwa kukubwa, na siku za maji mafu mambo hugeuka, saa nne ile ile ikawa ni wakati wa kujaa. Hivyo chombo kisichobadili saa yake huziona pwani mbili mbalimbali kwa kufuata mwezi. Katika ile ya kwanza tope liko wazi, na michipukizi ya mlilana inayotangulia upande wa bahari imesimama yote juu ya ardhi; katika ile ya pili maji yameingia chini ya majani machache, nuru imemezwa, na mahali penye msitu mchanga pamesomeka kuwa bahari. Akitokea mtu akalinganisha picha ya bamvua ya mwaka mmoja na picha ya maji mafu ya mwaka mwingine, atatangaza hasara ambayo haikutokea, na huenda mwanakijiji asiye na hatia akatuhumiwa kwa shoka ambalo hakulishika. Mchoraji mwaminifu huandika tarehe za picha zake na hali ya maji katika kila moja. Tangu 2008 hazina ya Landsat imekuwa wazi kwa watu wote bila malipo, kwa hiyo asiyezitaja picha alizozitumia hana udhuru.

Majira nayo yana hukumu yake. Kaskazini mwa delta ya Rufiji, penye msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko yote ya Afrika Mashariki, watu wamelima mpunga palipokuwa na miti, na mpunga mchanga katika picha moja waweza kufanana na mikoko. Bali mkoko hubaki kijani mwaka mzima, na mpunga hugeuka rangi ukikaribia kuvunwa. Ramani iliyotegemea siku moja tu usiiamini huko. Mawingu ya masika yakizidi, rada, inayopenya wingu, ni msaidizi mwema.

Kisha tazama ithibati. Usiridhike na neno kwamba ramani ni sahihi kwa asilimia 95, kwa maana mikoko ikiwa ni sehemu 5 tu katika 100 za eneo, ramani isiyoonyesha mkoko hata mmoja itakuwa imepata asilimia hiyo hiyo. Taka hesabu mbili: katika mahali palipoitwa mikoko, ni pangapi penye mikoko kweli, na katika mahali penye mikoko kweli, ni pangapi ramani ilipopatambua.

Hata iliyofaulu yote haya ina mpaka wake. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliposomba udongo ukaifunika mizizi ya mikoko katika Mkono wa Mwache, karibu na Mombasa, miti ilikufa kwa makundi, na kifo cha namna hiyo huonekana vizuri kutoka juu. Lakini mkataji wa fito, pau na boriti huchagua mti mmoja hapa na mwingine kule, akayaacha matawi ya jirani yakutane juu ya kisiki, na setilaiti huliona paa lile lile la kijani. Kwa hiyo ramani ikidai kwamba msitu fulani haujaguswa, tafuta katika maelezo yake kama yuko aliyeingia na mtumbwi, ajuaye kuupambanua mkandaa na msinzi, akahesabu visiki. Asipotajwa, lisome dai hilo kuwa ni habari ya majani tu.