Kabla ya Kubonyeza Kitufe

Fundi anayepima ethi umeme ukiwa umewashwa huleta shoti ndogo kwa makusudi. Kifaa chake huvuta mkondo kutoka waya wa moto, huupitisha kwenye ethi, kisha huhesabu ukinzani wa njia nzima hadi transfoma na kurudi. Vifaa vingine huvuta ampea 20 na zaidi, kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Njia ikiwa nzima, hakuna anayehisi kitu. Ikiwa imekatika mahali, kila chuma kilichofungwa kwenye waya wa ethi, kuanzia friji hadi bomba la bafuni, kinaweza kupata umeme kupitia kifaa hichohicho cha fundi.

Ndiyo maana namvulia kofia fundi niliyemwona akikagua hita ya kuogea kwenye gesti moja mjini Tanga. Alianza kwa kuzima meni swichi, akaipiga kufuli, ufunguo akautia mfukoni. Akapima waya wa ethi, umeme ukiwa umezimwa, toka bodi hadi hita: haujakatika. Kisha akafungua waya wa ethi rodi ili aipime rodi peke yake. Hapo nyumba nzima haina ethi, kwa hiyo meni swichi haiguswi mpaka waya urudi. Mafundi wengi huiruka hatua hii ya kuurudisha waya, hasa nati ikiwa imeshika kutu na jua linazama. Yeye aliirudisha nati, akaikaza, akauvuta waya kwa mkono.

Ndipo akapita vyumbani. "Dada, weka ndoo chini utoke kidogo. Bomba lisiguswe mpaka nikuite." Msaidizi wake akasimama mlangoni mwa bafu, na umeme ukawashwa.

Rodi, ilipopimwa peke yake, ilikuwa imesoma omu 38. Kwa volti 230 hiyo ni ampea 6 hivi. Breka ya ampea 32 haishtuki, na hita ikivuja, chuma kitabaki na umeme. Mlinzi pekee pale ni RCD ya miliampea 30, swichi inayokata umeme ukivuja, kwa hiyo hita aliipima kwa mkondo mdogo usioiangusha RCD hiyo, halafu akaijaribu RCD yenyewe aone inakata kwa kasi gani.

Mwisho aliandika 38 na tarehe ndani ya mlango wa bodi. Fundi atakayefuata akikuta 90, atajiuliza kama rodi imelika au ni kiangazi tu kimeikausha ardhi.