Jiwe la Gramu Mbili

Mama yule alikaa na jiwe lake dakika 40 kabla ya kugusa mashine yoyote. Aliliosha kwa maji ya vuguvugu, akalikausha kwa kitambaa cha pamba, akalilaza juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha. Kisha akalipiga tochi. Kwa macho yangu lilikuwa jiwe la kahawia tu, kama chai ya rangi iliyopoa. Mwanga ulipopenya ikaonekana mistari miwili ndani yake, myembamba kama unywele.

"Huu ni ufa, mwalimu," alisema. "Huu wa pili siujui."

Mwalimu wake, kijana ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe, hakukimbilia kujibu. Alipokea lenzi ya kukuzia mara 10, akatazama, akairudisha. "Ligeuze taratibu, mama. Ufa ukipata mwanga humeta kama kioo. Huo wa pili unameta?"

Aligeuza. Mstari wa kwanza ukameta, wa pili ukabaki mweusi vilevile.

"Basi huo ni grafiti. Umezaliwa nao. Ufa ndio wa kuogopa."

Tulikuwa Arusha, kwenye karakana yenye mashine nne na wanafunzi watatu. Mji huu una Kituo cha Jemolojia Tanzania, cha serikali, kinachofundisha ukataji na ung'arishaji wa madini ya vito, na wanawake kadhaa wamesomeshwa humo kwa fedha za mfuko uliotokana na Maonyesho ya Vito ya Arusha. Zipo pia karakana ndogo za watu binafsi, na hii ilikuwa mojawapo. Mama niliyemkuta amekuwa dalali wa mawe kwa miaka 17. Anajua bei, anajua watu, anajua kulisoma jiwe kwa tochi akiwa amesimama barabarani. Hakuwahi kujua kulikata. Amerudi shule akiwa na wajukuu wawili, na miezi miwili ya kwanza hakuruhusiwa kuigusa tanzanaiti kama hii. Alianza na vipande vya chupa, kisha kwatzi, mpaka mkono ulipotulia.

Baada ya lenzi ilifuata daikroskopu, kifaa kifupi kama kidole ambacho ukikitazamia huonyesha rangi mbili za jiwe kwa pamoja, ubavu kwa ubavu. Tanzanaiti ambayo haijachomwa ina rangi tatu, kila upande na yake. Mama aligeuza jiwe, akataja anachokiona, na mwalimu akamwachia kimya. Upande huu buluu na kahawia. Huu, zambarau na kahawia. Akarudia mara ya pili, na ya tatu, akiweka nukta za wino juu ya jiwe kila alipokuwa na hakika.

Hapo ndipo ulipo uamuzi mgumu kuliko yote, na unafanywa mashine zikiwa zimezimwa. Kwa namna fuwele nyingi za tanzanaiti zilivyoumbika, ukielekeza uso wa jiwe upande wa zambarau utabakiwa na jiwe kubwa zaidi. Ukiuelekeza upande wa buluu, utapoteza mali nyingi zaidi, lakini buluu ndiyo inayotafutwa na wengi. Mama alichora mipango yote miwili kwenye daftari, akapima kwa kalipa urefu, upana na kina, akaandika vipimo kwa milimita. Mtu aliyeishi miaka 17 kwa kuuza gramu alikuwa anajiuliza ni gramu ngapi azitupe. Mwalimu hakumshauri. Alinong'ona kwangu kwamba hilo halifundishwi kwa kuambiwa.

Akachagua buluu.

Mizani ilisoma gramu 2.1, yaani karati 10.5. Msumeno wa almasi, bapa jembamba linalozunguka ndani ya maji, uliondoa kwanza pande lenye ufa. Alilisukuma jiwe kwa ncha za vidole, bila kulikandamiza, akisikiliza. Sauti ya msumeno ni nyembamba na ya namna moja. Inapopanda ghafla, maana yake maji yamepungua au mkono umelazimisha. Mara mbili aliinua mkono kabla sijasikia lolote.

Tanzanaiti ina udhaifu mmoja unaomtesa kila fundi. Ina mkao wake wa kupasukia, kama ukuni ulivyo na mkondo wake: ukiligonga jiwe kwa mkondo huo litaachana vipande viwili visafi, bila huruma. Tena uso wowote wa jiwe ukisagwa sambamba na mkondo huo haukubali kung'aa vizuri. Kwa hiyo uso mkubwa wa juu, ule unaoitwa meza, hutegwa uinamie kando digrii chache. Mama alikwisha kuuweka mteremko huo kwenye mchoro wake. Kisha akahamia kwenye gurudumu la kusagia, akalizungusha jiwe mkononi chini ya matone ya maji mpaka likapata umbo la yai, bado la kahawia, bado halina mvuto wowote.

Kuchoma, ili kahawia iondoke, kulifanyika jioni. Kazi hii wengine huifanya mapema, kabla ya kusaga. Mwalimu huyu hutaka nyufa zote ziwe zimeondolewa kwanza, kwa sababu ufa ukiingia motoni hutoka ukiwa mkubwa zaidi. Jiwe lilizikwa ndani ya kikombe cha udongo mgumu kilichojazwa unga wa plasta, likaingizwa kwenye tanuri dogo la umeme. Joto likapandishwa polepole mpaka kati ya nyuzi 400 na 600, likakaa hapo, kisha tanuri likazimwa na mlango ukabaki umefungwa hadi asubuhi. Anayefungua mapema kwa hamu ya kuona rangi huikuta mali yake imepasuka.

Wakati jiwe linapoa, nilikuwa na usiku mzima wa kufikiri. Tanzanaiti ilijulikana mwaka 1967, katika vilima vya Mererani, Simanjiro, na mpaka leo dunia haijapata mahali pengine pa kulichimba jiwe hili kibiashara. Jina lenyewe lilitoka New York mwaka uliofuata, kwa sonara Tiffany & Co. Na kwa miongo mingi sehemu kubwa ya mawe hayo imekatwa Jaipur, India, na mafundi waliorithishana kazi hiyo baba kwa mwana. Mwaka 2010 serikali ilizuia kusafirisha nje tanzanaiti ghafi inayozidi gramu 1. Mwaka 2018 ukakamilika ukuta wa kilomita 24.5 kuzunguka migodi. Ukuta na sheria vinaweza kulizuia jiwe lisitoroke. Kulikata vizuri kunahitaji mkono uliofundishwa, na mkono haufundishwi kwa tangazo. Mwaka 2020 mchimbaji Saniniu Laizer alipoiuzia serikali mawe mawili kwa shilingi bilioni 7.7, mojawapo likizidi kilo 9, picha yake ilizunguka dunia nzima, na ilistahili. Ningependa siku moja gazeti litoe ukubwa uleule kwa picha ya mtu aliyeketi kwenye mashine ya kukatia.

Asubuhi mama alikung'uta unga wa plasta kwa brashi laini. Kahawia yote ilikuwa imekwenda. Kilichobaki kiganjani mwake kilikuwa buluu yenye zambarau kwa mbali, kama anga la Arusha dakika chache baada ya magharibi. Hakusema kitu. Alilipiga tochi tena, akatafuta ufa mpya, akakuta hakuna, ndipo akavuta pumzi.

Jiwe hubandikwa kwenye kijiti cha shaba ili mashine ilishike. Kwa mawe mengine hutumika nta iliyoyeyushwa motoni, lakini tanzanaiti haivumilii joto la ghafla, kwa hiyo hapa walitumia gundi baridi na kusubiri. Kijiti kinaingia kwenye mkono wa mashine. Mkono una kipimo cha pembe, na nyuma yake kuna gurudumu la meno 96 linaloamua jiwe litazungushwa kiasi gani kabla ya uso unaofuata. Chini yake inazunguka diski yenye chembe za almasi, na juu ya diski maji yanadondoka tone kwa tone.

Upande wa chini wa jiwe hukatwa kwanza. Nyuso zake ni 24, na pembe zake ndizo zinazoamua kama jiwe litaishi. Katika tanzanaiti, uso wa chini uliolala pungufu ya digrii 36 hivi hauwezi kuurudisha mwanga. Mwanga hupita moja kwa moja, na ukilitazama jiwe kutoka juu unaona ngozi ya kidole chako. Jiwe la namna hiyo husemwa lina dirisha. Mengi yanayokatwa kwa kufukuza uzito yana dirisha, kwa sababu aliyekata aliogopa kupoteza. Mama aliweka digrii 42 kwa ncha za yai, na kwa mbavu kipimo kingine, kwani umbo la yai halikubali pembe moja kuzunguka pande zote.

Aliteremsha mkono. Sauti ikatoka kama mchele unaopepetwa mbali. Sekunde tatu, akainua, akafuta kwa kidole gumba, akatazama kwa lenzi. Akateremsha tena. Kila uso ulimchukua mishuko mitano au sita ya namna hiyo, na baada ya kila mshuko alitazama. Nilihesabu mpaka 60, nikaacha.

Uso wa saba ulizidi. Si kwa kiasi cha kuonekana na mimi, yeye aliona. Nyuso nane kubwa za chini zinapaswa kukutana kwenye ncha moja, na huu ulikuwa umevuka wenzake kwa upana wa uzi wa buibui. Alimwita mwalimu.

"Unaonaje, mama?"

"Nishushe zote nane zilingane nao."

"Uzito utapungua."

"Utapungua, mwalimu."

Akaanza upya, safu nzima, kutoka uso wa kwanza. Ilimchukua mchana wote. Hakulalamika wala hakuongeza kasi, na hapo ndipo nilipomheshimu zaidi, kwa sababu mteja wa kawaida asingeuona uso ule maisha yake yote.

Kugeuza jiwe ni kazi ya dakika chache inayoshikiza roho. Kijiti cha pili hubandikwa upande ulio tayari, vijiti vyote viwili vikiwa vimelala kwenye mfereji mmoja ili visipishane hata kidogo, kisha kile cha kwanza hubanduliwa. Upande wa juu una nyuso 33 pamoja na meza. Diski zikabadilishwa, namba 600, 1200, kisha 3000, kila moja ikifuta mikwaruzo iliyoachwa na iliyotangulia. Mwisho kabisa ikaja diski ya shaba iliyopakwa unga wa almasi na tone la mafuta. Maji yakafungwa. Mashine ikapunguzwa mwendo. Uso uliokuwa na ukungu uligusa shaba, ukateleza, ukatoka umekuwa kioo. Kisha wa pili. Tanzanaiti ni laini ukiilinganisha na vito vingi vya pete, ugumu wake ni kati ya 6 na 7 kwenye kipimo ambacho almasi ni 10, na chembe moja ya mchanga ikianguka kwenye diski huacha mkwaruzo unaokurudisha hatua mbili nyuma. Kwa sababu hiyo aliifuta meza ya kazi kila baada ya nyuso nne, akanawa mikono hadi kwenye viwiko.

Siku ya nne, saa tisa alasiri, alilitoa jiwe kwenye gundi, akaliosha, akaliweka kwenye mizani. Karati 2.9 kutoka karati 10.5. Kwa ukataji wa vito hayo si mavuno mabaya. Aghalabu theluthi mbili na zaidi ya jiwe ghafi huishia kwenye maji ya mashine. Mwalimu alilishika kwa kibano, akalitazama kwa muda mrefu kutoka chini, upande ambao pete huuficha. Alimrudishia kwa mikono miwili. "Hongera, mama," alisema, na kumwonyesha nyuso mbili za mshipini, pale upande wa juu na wa chini zinapokutana, ambazo kesho angezirudia.

Ukifika Arusha ukaonyeshwa tanzanaiti, usianze na bei. Omba kibano na lenzi, uligeuze jiwe, uzihesabu nyuso kubwa za chini, utazame kama zimekutana kwenye ncha moja. Kisha uliza nani aliyelikata.